Geti la chuma lisilopinda: pima mshazari kabla ya kuchomelea

Ukienda Unga Ltd, Arusha, kuagiza geti la magari, usianze na bei. Anza na unene wa chuma. Skwea paipu (paipu ya pembe nne) ya milimita 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 1.2 na ile ya milimita 2 kwa nje ni pacha. Tofauti iko kwenye mdomo wa paipu, palipokatwa. Pima hapo. Fremu iwe ya milimita 2, bati la kuziba 1.5 linatosha.

Tuchukue geti la milango miwili, kila mmoja mita 1.8 kwa upana na 2.4 kwenda juu. Paipu 4 za mita 6 zinatosha fremu zote mbili na vipande vya katikati.

Panga vipande mahali palipo sawa, shikiza kila pembe kwa nukta ya kuchomelea ya sentimita moja tu, kisha pima mishazari, yaani kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Kwa vipimo hivi kila mshazari unasoma mita 3 kamili. Mmoja ukizidi, fremu imelala: gonga pembe za mshazari mrefu mpaka yote miwili ilingane. Usitegemee skwea ya mkono, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, peke yake. Ikikosea milimita 1 kwenye sentimita 30, ukifika juu ya geti ni milimita 8, na hapo komeo halishiki.

Hata fremu iliyolingana hupindishwa na moto. Chuma kikipoa hujikunja kuelekea upande uliochomelewa. Ndiyo maana hatumalizi pembe moja yote kwa mkupuo: chomelea kidogo, nenda pembe ya mkabala, geuza fremu, rudi. Pima mshazari tena kabla ya kumaliza. Fundi anayeharakisha hapa anakuuzia geti la kuburuza chini.

Fito za kuchomelea za milimita 2.5 kwa ampea 65 hadi 85 zinafaa paipu hii. Ukipandisha zaidi, unatoboa. Ukiona fito inaganda kila mara, angalia waya wa kuvutia umeme kabla ya kulaumu mashine. Waya mwembamba na mrefu hula nguvu njiani. Masika, Machi hadi Mei, fito hunyonya unyevu na mshono hutoka na vitundu, kwa hiyo zihifadhi kwenye kopo linalofunga.

Bawaba za upande mmoja zikae kwenye mstari mmoja wa timazi. Zikipishana, zinabanana na kulika mapema.

Ziba midomo ya juu ya paipu, na toboa tundu dogo chini ili maji yatoke, maana kutu ya ndani huioni mpaka chuma kimetoboka. Futa mafuta ya kiwandani kwa tina (kiyeyusha rangi), piga praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mara mbili. Rangi ya mwisho subiri geti lipachikwe na komeo lifungwe, kwa sababu kubeba na kupachika huikwangua.