Uliza Wakili: Fifti fifti, hatimiliki na deni la laki mbili

Barua za mwezi huu karibu zote zinaanza na "nimesikia mahakama imesema", na ukiuliza ni mahakama gani unaambiwa iliforwadiwa kwa grupu ya WhatsApp. Haya, nimechagua tatu.

SWALI: Wakili salamu. Nimekaa na huyu mwanamume miaka tisa, tuna watoto wawili, hatukuenda kanisani wala kwa DC, kwao wananijua kama bibi yake. 2018 tulinunua ploti ikaandikwa jina lake peke yake, mimi ndiye nilikuwa nasimama na mafundi na pesa ya duka langu ndio ilikuwa inanunua simiti. Sasa ameleta mwingine ananiambia nitoke. Rafiki yangu ananiambia nisijali, Mahakama ya Juu ilishapitisha fifti fifti. Ni kweli? – Dada wa Nakuru

JIBU: Pole sana dadangu. Rafiki yako amesikia nusu ya habari, na hiyo nusu ndiyo imepotosha watu wengi.

Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu, ile ya mwisho kabisa nchini, ilitoa hukumu mbili siku moja na zote mbili zinakuhusu. Ya kwanza ilikuwa ya mke na mume waliooana kabisa wakaachana. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mama asilimia 30 ya nyumba waliyokuwa wanaishi na 20 ya zile za kukodisha, Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, wagawane nusu kwa nusu, na Mahakama ya Juu ikaiacha hivyo. Watu wakashika hapo, wakaanza kushangilia fifti fifti, lakini majaji walisema wazi kwamba Kifungu cha 45(3) cha Katiba kinawapa wanandoa haki sawa na hiyo haimaanishi mali inakatwa katikati kama mkate, kila mtu aonyeshe alichangia nini. Huyo mama alipata nusu kwa sababu mchango wake ulionekana. Na mchango si pesa tu, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kupika, kulea watoto, kulima, kusimamia biashara, hata kule kukaa pamoja tu kama mke na mume. Kwa hivyo ile kusimama na mafundi juani usiione ndogo.

Shida yako iko kwa hukumu ya pili. Hiyo ilikuwa ya watu wawili wa Nairobi waliokaa miaka mingi bila harusi, ploti iko kwa jina la mwanamke, mwanamume akadai ni mali ya ndoa. Majaji wakasema ile ya kudhania kuna ndoa kwa sababu watu wamekaa kam-wi-stei inaelekea kufa, ni ya mara chache sana, na anayedai ndiye wa kuthibitisha: kwamba mlikaa muda mrefu, hakuna aliyefungwa na ndoa nyingine, nyote mlikusudia na mkakubali kuwa mke na mume, na watu wa nje waliwajua hivyo. Pale ilikwama kwa sababu mwanamke alikuwa na ndoa nyingine. Lakini sikiza hapa, jamaa hakutoka mikono mitupu. Mahakama iliona alichangia kununua na kujenga, ikasema mwenye jina anashika sehemu ya huyo jamaa kama amana, yaani anamtunzia tu, ikagawa asilimia 70 kwa mama na 30 kwa jamaa. Kwa hivyo hata ndoa ikikataliwa bado kuna njia, ila hiyo njia inataka karatasi.

Nilikuwa na mteja alikuja ofisini na mkebe wa Kasuku umejaa risiti za hadwea, zingine wino umeisha unaona tu kivuli cha tarehe, tukazipanga mezani moja moja na za mchanga na za mabati na daftari ya vibarua, na nakwambia ule mkebe ulitusaidia kuliko maneno yangu yote. Kwa hivyo tafuta zako. Chukua stetimenti ya M-Pesa ya miaka hiyo, fomu za kliniki na za shule alizojaza jina lako kama mke, na ujue ni nani kwao atakubali kuja kusema. Mafundi pia, kabla hawajahama. Na usingoje kesi ndio uende ofisi ya ardhi, weka zuio kwa hiyo ploti, ile watu wanaita kosheni, asije akaiuza ukiwa bado unatafuta wakili.

SWALI: Nina hatimiliki orijino, nilifanya sachi ikatoka safi, nikalipa. Sasa kaunti inasema hapo palikuwa pa umma. Kwani hati si hati? – Mnunuzi, Mombasa

JIBU: Zamani ningekujibu kwa raha. Lakini kuna kesi ya hapo hapo kwenu, kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 21 Aprili 2023. Ploti ya Nyali karibu na bahari, mtu wa kwanza kugawiwa alikuwa Rais Moi mwenyewe mwaka 1989, ikauziwa kampuni moja, halafu 2006 Dina wakanunua. 2017 kaunti ikaingia na kubomoa ukuta ili watu wapate njia ya kwenda ufuoni. Dina wakasema sisi tulinunua kwa nia njema, na walikuwa na hati yao. Mahakama ikarudi mpaka mwanzo kabisa, ikaona ardhi ilikuwa nafasi wazi ya umma na ugawaji wenyewe haukufuata utaratibu, basi aliyepewa kwanza hakuwa na kitu cha kuuza na wote waliofuata wakanunua hewa. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Sachi inakuonyesha mwenye ardhi leo, haikusimulii alivyoipata. Tafuta faili ya mwanzo, barua ya ugawaji na ramani ya mpango, ujue ni nani aligawiwa na kwa utaratibu gani. Ikiwa ni safi pigana. Ikiwa si safi, mtafute aliyekuuzia mapema, akiwa bado ana kitu.

SWALI: Rafiki nilimkopesha laki mbili, hakuna mkataba, nilituma tu kwa simu. Wakili mmoja ameniitisha elfu hamsini ya kuanza! – Kijana wa Thika

JIBU: Nenda Mahakama ya Madai Madogo, zilianza 2021, zinasikiza madai mpaka milioni moja na sheria inazipa siku 60 kumaliza. Unaweza kujisimamia mwenyewe, hawashikilii sana zile kanuni za ushahidi za mahakama kubwa. Kesi za ardhi na za kazi hawachukui, lakini deni ni kazi yao hasa. Meseji ya M-Pesa yenye jina lake na zile za "nitakurudishia" zinatosha kuanzia, usifute kitu, piga skrinshoti uziprinti. Na akikupigia kukuahidi mwisho wa mwezi, mwambie netiweki ni mbaya, akuandikie.