Malengo ya shahada ya hisabati: anzeni na lengo moja

Mwalimu, umeuliza kwa nini wastani wa alama za kozi hautoshi kupima malengo ya shahada ya hisabati. Alama hiyo imechanganya majaribio, kazi za nyumbani na mtihani, kwa hiyo haionyeshi mwanafunzi amekwama wapi. Lengo kama "kuelewa hisabati" nalo halipimiki. Andikeni: "Mhitimu aweze kuandika uthibitisho kamili." Kisha chukueni swali moja tu la mtihani, mfano kuthibitisha kwa epsiloni (namba yoyote ndogo iliyo kubwa kuliko sifuri) kwamba 1/n hukaribia 0 kadiri n inavyokua. Ficheni majina, walimu wawili wasahihishe, kila mmoja peke yake, kwa alama 0 hadi 3. Wakipishana sana, rekebisheni vigezo kwanza. Angalieni hasa wanaochagua N (namba ambayo n ikiipita, 1/n huwa ndogo kuliko epsiloni) kabla ya kutaja epsiloni: hao wanahitaji mazoezi ya mpangilio wa "kwa kila" na "kuna" (kwa kila epsiloni, kuna N), tena mapema, mwaka wa kwanza.