Tufe ya mzinga haipasuki! Na maswali yenu ingine

"Mu filme tufe ya mzinga inaanguka, inapasuka, batu kumi banaruka hewani. Njo vile ilikuwa?"

Hapana. Nilisha kujibu hii, najibu tena na najua mutauliza tena. Tufe ya kawaida ilikuwa chuma nzima, ndani hamuna baruti hata kidogo, sasa itapasuka na nini? Kazi yake ilikuwa kupita. Inagusa chini, inaruka, inagusa, inaruka tena, na mu ile safari yote inakata miguu ya askari wenye kusimama mistari. Njo maana wapiga mizinga walipenda udongo mukavu: ku vita ya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, mvua ilikuwa imenyesha usiku, matufe mingi ya Napoleon ikazama mu matope pahali ya kuruka. Na hata ikibiringika polepole sawa mupira ya batoto, askari mugeni mwenye alitia mguu aisimamishe, mguu ulienda.

Ya kupasuka ilikuwako, lakini ni kintu ingine: iko wazi ndani, inajazwa baruti, inatiwa utambi. Mwingereza Henry Shrapnel mu 1784 aliongeza risasi ndogo ndogo ndani, ipasuke juu ya vichwa vya batu, na jeshi la Uingereza likaikubali mu 1803. Ba filme banachanganya zote mbili juu moto inauzisha. Sawa, lakini nyinyi musiandike ile uongo mu ekspoze ya masomo.

"Ni kweli matufe ya zamani ilikuwa mawe?"

Kweli. Mons Meg, mzinga wa 1449 wenye uko mu ngome ya Edinburgh mupaka leo, ulitupa jiwe ya zaidi ya kilo 150. Chuma ilishinda juu kwa ukubwa ule ule ni nzito kuliko jiwe, basi mzinga mudogo ukafanya kazi ya mukubwa.

"Mzinga wa Napoleon ulifika kilometa ngapi?"

Kwa kulenga vizuri, hata moja haikufika. Acheni kuniletea kilometa 20.

"Babu alisema mukuba (shaba) ya Lubumbashi ilipigana vita ya Ulaya. Kweli ao hadisi?"

Babu alisema kweli. Musikie kwanza mizinga ilitaka shaba ya nini. Mzinga wa zamani ulikuwa laini ndani na tufe ikawa ndogo kuliko tundu, kwa hiyo moshi inapita pembeni, nguvu inapotea, tufe inagonga huku na kule na inatoka vile inataka yenyewe. Kuanzia miaka ya 1850 wakachora mifereji ya kuzunguka ndani ya mzinga, na kombora likawa refu lenye ncha, lizunguke hewani lisipinduke. Lakini chuma ikisugua chuma mzinga unakwisha! Kwa hiyo kiunoni mwa kombora wakavalisha mukanda wa shaba: shaba ni laini, inajibana mu mifereji, inaziba moshi na kuzungusha kombora. Ongeza makasha ya laitoni, ile ya shaba na zinki. Sasa piga hesabu mwenyewe, vita ya 1914–1918 ilikula makombora kwa mamilioni. Reli ilifika kwetu Lubumbashi 1910, tanuru ya Union Minière, kampuni ya migodi, ikatoa shaba ya kwanza 1911, na ikaenda ku viwanda vya silaha vya Washirika. Halafu unafungua kitabu ya ile vita, unakuta paka majina ya bajenerali. Mwenye kuchimba hana jina.

"Tuko Goma. Batoto bameokota kombora ya kutu, muuza mitrayi (vyuma vya kutupwa) anataka ule mukanda wa shaba, bei ni nzuri. Tukate?"

Bei nzuri ya nini, ya jeneza? MUSIGUSE. Kombora lenye lilipigwa na halikupasuka ni mubaya kuliko lenye halijapigwa kamwe, juu ile nguvu ya kutoka mu mzinga imeshafungua usalama ya kiwashio, kinangoja paka kutikiswa. Mukanda ukiwa na mikwaruzo ya mifereji, ujue lilipigwa, lakini musiende kuchungulia kama iko nayo! Na kutu haiui baruti: Ubelgiji, upande wa Ypres, wakulima bado wanafukua makombora ya 1914–1918 na ni jeshi njo inakuja kuyakusanya. Hapana nyundo, hapana moto, hapana msumeno. Fukuzeni batoto, wekeni alama kwa mbali, muite nyumba kumi, mukubwa wa mutaa, alete wategua mabomu.

"Niko Kalemie. Ile meli Liemba ya Ziwa Tanganyika ilikuwa na mzinga?"

Ndiyo, wakati ilikuwa inaitwa Graf von Goetzen. Mzinga wa tundu ya milimita 105, wa meli ya vita ya Wajerumani Königsberg yenye ilimalizwa mu muto Rufiji, Tanzania ya leo, Julai 1915. Wajerumani walitoa mizinga yake wakaendelea nayo ku nchi kavu. Goetzen waliizamisha wao wenyewe Julai 1916, kisha Waingereza wakaiinua 1924 na ikabeba abiria na mizigo miaka mingi. Hapana, mzinga hauko tena juu yake.