Kinu kilichozimika chenyewe Hanford, 1944

Swali: Nimesoma kwamba kinu kikubwa cha kwanza cha nyuklia cha kuzalisha plutoni (metali ya mabomu ya nyuklia), kule Hanford, Marekani, kilizimika siku ya kwanza bila kuharibika chochote. Inawezekanaje? Na mbona kile cha Chicago cha 1942 hakikufanya hivyo?

Jibu: Kinu chenyewe ndicho kilichotengeneza sumu iliyokizima. Usiku wa kuamkia Septemba 27, 1944, Kinu B, yaani hicho cha Hanford, kilipandishwa hadi megawati 9 hivi. Saa chache baadaye nguvu ikaanza kushuka. Waendeshaji wakawa wanachomoa fito za kudhibiti ili kuipandisha nguvu, nayo inashuka tu, hadi jioni kikazima kabisa. Maji ya kupozea yakashukiwa, kwa kuwa yakivujia kwenye grafiti (kaboni iliyozunguka urani) hunyonya nyutroni, chembe zinazopasua urani na kukifanya kinu kiendelee kuwaka. Lakini kesho yake kinu kikaamka, kikapanda, kisha kikashuka tena vilevile. Bomba linalovuja halizibiki lenyewe.

Urefu wa vipindi hivyo ndio uliompa mwanafizikia John Wheeler jibu. Urani-235 ikipasuka, mipasuko 6 hivi katika kila 100 huishia kwenye iodini-135. Iodini hiyo haina neno, ila nusumaisha yake (muda wa nusu yake kuoza) ni saa 6.6, na ikioza inakuwa zenoni-135, yenye nusumaisha ya saa 9 na ushei. Zenoni hii ni mlafi wa ajabu: kiini chake hunasa nyutroni za mwendo wa polepole kwa urahisi mara 4,000 hivi kuliko kiini cha urani-235. Kwa hiyo sumu huchelewa kujitokeza, kisha kinu kikilala inaoza, na nyutroni zinapata nafasi tena.

Cha Chicago hakikuwahi kuzidi wati 200 hivi. Zenoni yake ilikuwa chembe tu. Hata cha Oak Ridge, kinu cha majaribio kilichotangulia cha Hanford, nyutroni zake zilikuwa haba mno kuonyesha jambo hili.

Dawa ilikuwa tayari ndani ya kinu. Hesabu za wanafizikia zilitaka mirija 1,500 ya urani, lakini wahandisi wa DuPont, kampuni iliyokijenga kinu, wakaongeza 504 kwenye pembe, jambo ambalo baadhi ya wanafizikia waliliona ni hasara. Kujaza mirija ya ziada kuliongeza nyutroni za kutosha kuishinda zenoni.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kinu chenye nguvu kubwa kikizimwa ghafla, zenoni huongezeka kwanza, kwa sababu iodini iliyobaki inaendelea kuoza huku hakuna nyutroni za kuichoma zenoni. Usipokiwasha mapema, utasubiri siku nzima au zaidi.