Maswali ya Wasomaji: Bao Ndani ya Simu na Tuzo ya Michezo Mipya

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa pili, na pamoja na mwenzangu ninatengeneza mchezo wa simu unaotokana na bao. Mhadhiri wetu mmoja ametuambia kuwa kazi hiyo haina ubunifu, kwa sababu bao ni mchezo wa asili unaojulikana na kila mtu. Je, ipo tuzo inayotazama upya wa mchezo wa video badala ya mauzo yake, na je, upya huo hutambuliwaje? Tena, je, ni lazima mtu awe na kampuni? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, tuzo ya namna hiyo ipo, na ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya tamasha la Independent Games Festival, lililoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya watengenezaji wa michezo wasiofadhiliwa na makampuni makubwa. Washindi hutangazwa kila mwaka katika mkutano wa Game Developers Conference, ambao siku hizi hufanyika San Francisco, Marekani. Tuzo kuu ina jina la Seumas McNally, kijana wa Kanada aliyekuwa akitengeneza michezo pamoja na wazazi wake na ndugu yake. Mchezo wao wa mashindano ya vifaru vya kivita, Tread Marks, ulishinda Machi 2000, naye akafariki dunia kwa saratani mwezi huohuo akiwa na umri wa miaka 21. Ninakutajia habari hiyo kwa sababu inaonyesha tuzo ilikusudiwa akina nani: watu wachache, hata wa nyumba moja, wenye wazo lao wenyewe.

Sasa tuje kwenye neno lililokutatiza. Kiswahili chetu hutumia neno asili kwa kile tulichokirithi, na pia kwa chimbuko la kitu, na nadhani hapo ndipo mhadhiri wako alipochanganya mambo mawili. Mchezo unaweza kuchukua kitu cha kale au cha kawaida kabisa na bado ukawa mpya, mradi kile anachokifanya mchezaji kwa mikono na akili yake hakijapata kufanywa hivyo kabla. Minecraft, ulioshinda mwaka 2011, ulichota wazo la kuchimba na kujenga kwa vipande vya mraba kutoka mchezo uliotangulia, Infiniminer, na mtengenezaji wake alikiri hivyo waziwazi. Papers, Please wa Lucas Pope, ulioshinda mwaka 2014, humweka mchezaji katika kibanda cha uhamiaji, akikagua pasipoti na vibali huku akiwaza jinsi ya kulisha familia yake. Yeyote aliyewahi kupanga foleni mpakani anaijua kazi hiyo kwa macho, lakini ni wachache waliowahi kufikiri kwamba kugonga muhuri kungeweza kuwa mchezo, tena mchezo unaoitesa dhamiri.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mwaka 2003, kwa kuwa mshindi, Wild Earth, ulihusu Serengeti. Wanyama wa porini walikuwa wamekwisha kuwamo katika michezo mingi ya kuwinda, lakini mchezo huu ulimpa mchezaji kamera badala ya bunduki, na kazi yake ikawa kuwasogelea kwa subira na kuwapiga picha. Mbuga ilikuwa ileile inayojulikana dunia nzima, ila kitendo kilibadilika. Ninakiri kwamba huona uchungu kidogo kuwa wazo hilo halikutoka kwetu, na ndiyo maana barua yako imenifurahisha.

Kwa hiyo, kama mmehamishia bao kwenye kioo cha simu na mashimo yake 32, kete 64, nyumba (lile shimo maalumu), na awamu zake mbili, namua na mtaji, vilevile vilivyo, mmefanya kazi ya maana ya kuhifadhi, lakini katika hoja ya upya mhadhiri wenu atakuwa na haki. Kama, kwa upande mwingine, mmeuliza ni jambo gani ambalo simu inaweza kulifanya na ubao wa mti hauwezi, basi mpo njiani. Ile hali ya namua, ambapo mchezaji ana kete 22 mkononi na lazima aamue aziingize wapi moja baada ya moja, ni utajiri ambao sijauona ukichimbwa ipasavyo.

Kuhusu kampuni, hapana. Tamasha hilo limekuwa likiwapa wanafunzi nafasi yao, na mwaka 2006 kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen, Narbacular Drop, ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa. Kampuni ya Valve iliwaajiri waliouunda, nao wakalikuza wazo lao la milango miwili inayounganisha sehemu mbili za chumba hadi likawa Portal, uliotoka mwaka 2007.

Kabla ya kutuma kazi yenu popote, mpelekeeni mzee mmoja anayelijua bao barabara, mumwachie simu bila kumweleza lolote, kisha mtazame ni wapi atakaposita kwa kukutana na jambo ambalo ubao wake haujapata kumwonyesha.