Jirani ameshusha seng'enge hadi majini: njia ya ufuoni ni ya nani?

SWALI

Bwana sabveya, habari za kazi. Mimi hukaanga samaki ufuoni upande wa Dunga, huu ni mwaka wa 17. Wageni wangu walikuwa wakiacha magari barabarani na kuteremka kwa kijia kilichopita kando ya shamba la mzee mmoja. Mzee alifariki, watoto wakauza. Aliyenunua amejenga ukuta upande wa barabara na kushusha seng'enge mpaka ndani ya maji, pale pale tulipokuwa tukioshea vyombo. Anasema taito yake, yaani hati ya ardhi, inafika ziwani. Sasa mgeni wangu apite kwenye geti la huyo bwana, ambako amefungua mkahawa wake mwenyewe, la sivyo azunguke kwa matope. Wengi wakishaona vile viti vya mkahawa hawafiki kwangu. Je, kuna mtu anayeweza kumiliki mpaka majini? Na mimi naweza kupata karatasi ya hapa nilipo? Tena chama chetu kiko tayari kunikopesha nijenge kwa mawe. Nijenge?

Mama wa Samaki, Kisumu

JIBU

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili. Maswali yako matatu hayana uzito mmoja. La kujenga ni jepesi, na la karatasi lina jibu ambalo hutalipenda. La njia ndilo linalokula biashara yako, na hapo ndipo watu wengi wa ufuoni hukosea: hupigania ploti, ilhali kilichochukuliwa ni mahali mguu wa mgeni unapopita.

Tuanze na hiyo taito. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka mito na maziwa katika ardhi ya umma. Kwa hiyo hakuna taito inayoweza kumeza maji. Seng'enge iliyo ndani ya ziwa haina mtetezi, hata kama mwenye nayo amelipa mamilioni. Lakini usikimbilie kusema, kama wengi wasemavyo, kwamba mita 30 za kwanza kutoka majini ni mali ya serikali. Si hivyo moja kwa moja. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilieleza wazi kwamba ukanda wa kando ya maji, ule tunaouita riparia, haumnyang'anyi mtu umiliki. Unamfunga mikono tu: asijenge, asilime ovyo, asimwage uchafu. Jirani yako anaweza kuwa mmiliki halali mpaka ukingoni, na bado akawa amevunja sheria kwa ukuta wake.

Huo ukanda unapimwaje? Kwa ziwa, kanuni hizo zilitaja vipimo viwili: mita 2 za kwenda juu au mita 30 za kwenda kando, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Chukua mfano. Pale ambapo ardhi inapanda mita 1 kila unapotembea mita 10, utafikisha mita 2 za juu ukiwa umetembea mita 20 tu, na ukanda unaishia hapo. Lakini upande wenu ni tambarare. Kama ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 50, ungetembea mita 100 kabla ya kupata hizo mita 2 za juu, kwa hiyo kinachotumika ni mita 30. Hili unaweza kulikagua mwenyewe na fundi wa mawe yeyote mwenye ule mpira mwembamba wa kuona maji ndani. Jazeni maji, shikeni ncha moja penye alama ya maji, nyingine juu kwenye ukuta wa jirani, msome tofauti. Haitakubalika mahakamani, lakini itakuonyesha kama inafaa kuita mpimaji au unapoteza hela.

Sasa, alama ya maji ni ipi? Hapa ndipo penye utamu. Kipimo huanzia kwenye kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kurekodiwa kufika, wala si pale maji yalipo leo asubuhi. Ziwa Victoria lilipanda kama mita mbili na nusu kati ya 1961 na 1964, na ile rekodi ya Mei 1964 ikakaa zaidi ya nusu karne. Mei 2020 ikavunjwa kwa kadiri ya unene wa kidole, na mwaka 2024 maji yakapita hata hapo. Maana yake mstari umesogea juu kwa wote, wewe na jirani yako. Hakuna aliyehamisha bikoni, kile chuma cha mpaka, ziwa ndilo lililohama.

Mimi mwenyewe ziwa liliwahi kuniaibisha. Nikiwa mwaka wa pili kazini nilitumwa kuweka bikoni kwenye ploti ya kando ya ziwa, mwezi wa Februari, jua kali, maji yamerudi nyuma. Nikafuata ukingo nilioukuta, nikachora, nikapokea malipo. Mvua za Mei ziliponyesha, bikoni mbili zikawa chini ya maji, kambare wakizunguka. Mvuvi mmoja akaniambia kwamba nilipima ziwa likiwa limelala. Tangu siku hiyo siweki chuma chini kabla ya kuuliza wazee maji ya 1964 yalifika mti gani.

Kuna jambo jingine kuhusu ramani. Maeneo mengi yaliyokuwa mashamba ya ukoo kabla mji haujayafikia yalisajiliwa kwa mipaka ya jumla, ile ya ua na miti, bila vipimo vya sentimita. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mipaka ya namna hiyo ni ya kukadiria. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ramani na kusema mstari huu unaingia majini, mjibu kwa upole kwamba kalamu ya mchoraji ina unene wake. Ardhini unene huo ni mita kadhaa. Ugomvi wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi. Kifungu hicho hicho kinaizuia mahakama kuusikiliza kabla msajili hajaamua mpaka uko wapi, na wakili atakayekupeleka mahakamani moja kwa moja kwa suala la mpaka anakula hela yako.

Nirudi kwenye njia. Kwanza kabisa nenda ofisi ya upimaji ukanunue karatasi ya ramani ya usajili ya eneo lenu. Tafuta mistari miwili inayokwenda sambamba kuteremka ziwani. Hiyo ni njia iliyotengwa wakati mashamba yalipogawanywa, na haikuwa ya mzee, wala watoto hawakuwa na uwezo wa kuiuza. Nimeona nyingi zilizomezwa hivi: ua unasogea hatua moja mwaka huu, mbili mwakani, mpaka njia inakuwa sehemu ya bustani ya mtu. Ukiikuta kwenye ramani, vita vyako ni vifupi.

Usipoikuta, bado kuna milango miwili. Wa kwanza ni Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, kifungu cha 32: njia iliyotumiwa waziwazi, kwa amani, bila kukatizwa na bila kuomba ruhusa kwa miaka 20 huzaa haki ya kupita. Miaka yako 17 haitoshi, lakini swali si wewe umekaa muda gani. Kijia kilikuwepo kabla hujaja, sivyo? Tatizo ni kwamba haki hii hushikamana na ardhi inayonufaika, na wewe huna ardhi pale. Kwa hiyo wenye mashamba ya jirani waliokuwa wakipita hapo ndio watangulie, wewe uwe shahidi. Mlango wa pili, ambao naupenda zaidi kwa hali yenu, umo kwenye Sheria ya Ardhi ya 2012: kikundi cha watu, chama au serikali ya kaunti inaweza kuiomba Tume ya Taifa ya Ardhi iunde njia ya jamii kupitia ardhi ya mtu. BMU yenu, ile kamati ya kusimamia ufuo, iandike ombi hilo, maana wavuvi na wachuuzi wote wanaitumia hiyo njia. Barua ya mama mmoja wa samaki hukaa kwenye faili, ila ya ufuo mzima angalau husomwa.

Ushahidi uanze kukusanya leo. Fungua Google Earth kwenye kompyuta (vijana wa saiba watakusaidia), rudisha tarehe nyuma mwaka baada ya mwaka. Kijia kilichokanyagwa huonekana kama uzi wa kahawia kwenye majani. Chapisha kila mwaka unaouona. Kisha tafuta wazee, baria (mfanyakazi wa mitumbwi) wa zamani na dereva wa boda aliyekuwa akishusha abiria hapo.

Nakuandikia haya yote kuhusu njia kwa sababu mji wetu umejengwa hivyo. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali walipopaita Port Florence, kingo za maji zikatengewa reli, bandari na maghala. Wazungu wakapanda Milimani penye upepo, Wahindi wakapewa bazari, Mwafrika akabaki nje ya mji. Baadaye yakaja mahoteli na vilabu, na mwaka 1992 hifadhi ya Impala ikatengwa kando ya maji. Ndiyo maana watu husema Kisumu imelipa ziwa kisogo. Asiye na uanachama wa klabu wala tikiti alibakiwa na sehemu chache za kugusa maji, na sehemu hizo ndizo zilizozaa biashara za akina mama: Lwang'ni, Hippo Point, Dunga. Samaki wenu ni watamu, sikatai, lakini mgeni alikuja kwa sababu hapo palikuwa wazi.

Nilipata kufanya kazi Nakuru pia, na kule jambo hili liko uchi kabisa. Mbuga ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua wa umeme. Pesa ya mgeni huingia getini, na mchuuzi wa vinyago husimama pale magari yanapopunguza mwendo. Geti likihama, naye huhama. Jirani yako ameelewa hili kuliko wengi wetu. Hakuzuia biashara yako, amehamisha tu geti likawa kwake.

Karatasi ya mahali ulipo. Kama kibanda chako kimesimama kwenye ardhi ya umma, miaka 17 haikupi umiliki. Kanuni ya miaka 12 wanayoitaja watu vijiweni hufanya kazi dhidi ya mwenye shamba binafsi, dhidi ya ardhi ya umma haifanyi kazi kabisa. BMU nayo inasimamia ufuo wa kupakulia samaki, haina ardhi ya kugawa. Aliyekuuzia "nafasi" kwa jina la kamati alikuuzia hewa. Unachoweza kupata ni leseni ya kutumia ardhi ya umma kwa muda usiozidi miaka 5, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti na vyeti vya afya vya wapishi. Hivi viwili vya mwisho naamini unavyo. Kinga yako nyingine ni ilani: tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016, hata aliye kwenye ardhi ya umma bila ruhusa anatakiwa kupewa miezi 3 kabla ya kuondolewa. Unaikumbuka Lwang'ni, jina la inzi lakini meza zilizojaa mameneja wa benki kila mchana? Vibanda vilibomolewa kwa sababu ardhi ilikuwa ya reli, na umaarufu wa samaki wake haukusaidia kitu.

Kwa hiyo usijenge kwa mawe. Jiwe ndani ya riparia ni ushahidi dhidi yako mwenyewe, na itakuwa vigumu kumshtaki jirani kwa ukuta ukiwa umejenga wako. Tumia nguzo za mikaratusi na mabati yaliyofungwa kwa nati, kitu ambacho vijana wanne wanaweza kukifungua asubuhi na kukisimamisha mahali pengine jioni. Choo kiwe juu, mbali na maji.

Mkopo wa chama ningeutumia hivi: sehemu ndogo kwa ramani na mpimaji, kubwa kwa kukodi kona ya shamba lolote lililo barabarani, ukuta wa jirani unapoanzia. Weka jiko moja hapo, moshi wa samaki ufike kwenye madirisha ya magari, na kijana wa kuwaongoza wageni kwa njia ya kuzunguka wakati ombi lenu linasubiri. Mkataba ukizidi miaka 2 uandikwe na usajiliwe, mke wa mwenye shamba awe ametia sahihi, na kama ardhi bado ni ya kilimo pateni kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Wenye mashamba hufa, kama ulivyoona, na watoto hawajui makubaliano ya mdomo.

Kuna kitu kimoja nisichotaka ukipoteze. Maji ya 2020 yalipoingia ufuoni, bila shaka ulipiga picha ya kibanda chako kikiwa ndani ya maji, kila mtu alipiga. Itafute, tarehe yake ikiwemo, uihifadhi mahali pawili. Na kama ile alama ya tope bado iko kwenye nguzo, usiipake rangi.