Kwa Anayeanza Vita vya Vifaru Mezani: Ardhi Kwanza, Vifaru Baadaye

Wanaoanza kujifunza mchezo wa vifaru vya plastiki mezani, hapa Arusha na kwa majirani zetu wa Moshi, karibu wote huja na swali moja: ninunue kifaru kipi? Swali hilo si baya, lakini nimeona likiwapeleka watu kumaliza akiba yao kwa vifaru vingi vya kuvutia, wakavipanga juu ya meza tupu, na baada ya michezo miwili mitatu wakahitimisha kwamba kazi yote ni kurusha dadu na kuomba bahati. Vifaru vinne, viwili kwa kila upande, pamoja na dadu mbili, tepu ya fundi cherehani na meza iliyopangwa kwa fikra, vinatosha kukufundisha karibu kila kitu cha msingi. Kinachoupa mchezo huu uhai ni ardhi mnayoipigania na upande wa kifaru chako unaomwonyesha adui, na hayo mawili ndiyo ningependa uyashike kabla ya kufikiria kifaru cha tano.

Jambo la kwanza la kukubaliana na wenzako ni uwiano, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kifaru halisi (1/72 ni mara 72), kwa kuwa vifaru vya uwiano tofauti havikai vizuri kwenye meza moja. Kwenye uwiano wa 1/72, T-34 ya Kisovieti, iliyokuwa na urefu wa mita 6.68 ukihesabu pamoja na mzinga, inakuwa na sentimita 9 na ushei. Kwenye 1/100 inashuka hadi chini kidogo ya sentimita 7, na kwenye 1/56 inakaribia sentimita 12. Kwa meza ya kawaida ya kulia chakula, mimi napendekeza 1/72 au 1/100. Vifaru vichache tu vya 1/56 huijaza meza hiyo hata pasiwe na nafasi ya kuzunguka, na pasipo nafasi ya kuzunguka hakuna mchezo.

Utakapoanza kupima utashangaa kwamba umbali haulingani na ukubwa wa vifaru. Mizinga ya Vita vya Pili vya Dunia iliweza kupiga mita 1,000 na zaidi, na mita 1,000 kwa uwiano wa 1/72 ni karibu mita 14, yaani kutoka sebuleni hadi nje ya geti. Kanuni za mchezo hufupisha umbali kwa makusudi ili vita vitoshe mezani. Likubali hilo mapema, kwa maana nimewahi kusikia mabishano ya saa nzima juu yake ambayo hayakumsaidia mtu yeyote.

Modeli za kuunganisha wengi wetu huziagiza nje au huletewa na ndugu wanaosafiri, kwa hiyo mwenye haraka huanzia kwenye midoli ya mitumba, ambayo mara nyingine hupatikana katika marundo ya Kiborloni kule Moshi au Kilombero hapa kwetu. Midoli hiyo inafaa kabisa, ila tambua aina ya plastiki kabla hujatoa fedha. Plastiki ngumu, inayolia ukiigonga kwa kucha, hushika gundi na rangi. Plastiki laini inayopinda kama mpira huikataa gundi ya modeli, na rangi yake hubanduka kwa vipande mnapoishikashika. Kifaru cha plastiki laini kichezee na rangi yake ya dukani, hakuna ubaya. Chenye plastiki ngumu kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikauke, ndipo upake. Rangi ya kopo la kupuliza ina adabu yake katika mji wetu: wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu mwingi, huacha ukungu mweupe juu ya modeli, na asubuhi za Juni na Julai baridi huchelewesha kukauka, hivyo subiri jua la saa sita. Walio Moshi, kwenye joto zaidi, wasiache modeli ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu mizinga myembamba huweza kupinda.

Sasa tuje kwenye meza, mahali ambapo ningependa utumie muda wako mwingi. Tandika blanketi la kijani au la rangi ya udongo, na chini yake weka vitabu au vipande vya lile povu jeupe linalofungia televisheni, ili pawe na miinuko halisi badala ya duara la karatasi lililoandikwa «kilima». Unga wa mbao unaopewa bure na seremala, ukiloweshwa rangi ya kijani na kukaushwa, unakuwa majani. Moramu iliyochekechwa inakuwa barabara. Maboksi ya dawa ya meno yanakuwa nyumba. Hakikisha kwamba hakuna mahali mezani ambapo kifaru kinaweza kuona kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kizuizi. Mstari wa kuona ukiwa wazi kote, anayeanza kurusha dadu ndiye anayeshinda. Mstari huo ukikatwa na kilima, kichaka na ukuta, kila mchezaji analazimika kujiuliza apite wapi na ataonekana lini.

Mstari wa kuona usiukisie ukiwa umesimama. Inama mpaka jicho lako lilingane na tareti, yaani kile kichwa cha kifaru kinachozunguka, kisha mtazame adui kutoka hapo. Utagundua jambo lenye thamani kubwa: kifaru kilichosimama nyuma ya ukingo wa kilima kinaweza kuonyesha tareti peke yake huku mwili wake wote ukiwa umefichwa. Hapo ndipo mahali bora zaidi mezani, na ndipo tofauti za vifaru halisi zinapoingia. Sherman ya Marekani iliweza kuinamisha mzinga wake nyuzi 10 hivi, kwa hiyo ilijibanza nyuma ya ukingo na bado ikalenga bondeni. T-54 ya Kisovieti, yenye tareti ya chini sana, iliinamisha nyuzi 5 tu, na ililazimika kutokeza mwili zaidi ili ipige chini. Kanuni ya kuwakilisha hilo ni ya sentensi moja, nayo hubadilisha kabisa namna utakavyokitumia kila kifaru.

Kuhusu kanuni, anza na hizi tunazotumia kuwafundishia wageni. Ili kupiga, rusha dadu mbili na ujumlishe. Jumla ikiwa 7 au zaidi, umepiga. Toa 1 katika jumla kama kifaru chako kilitembea zamu hiyo, na toa 2 kama adui anaonyesha tareti peke yake. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini dadu mbili hazigawi matokeo sawasawa. Nafasi ya kupata 7 au zaidi ni 21 katika 36, yaani asilimia 58. Ya kupata 8 au zaidi, unayohitaji ukiwa umetembea, ni asilimia 42. Ya kupata 9 au zaidi, unayohitaji adui akionyesha tareti peke yake, ni asilimia 28. Maana yake ni kwamba adui aliyejificha vizuri nyuma ya kilima ameipunguza shabaha yako kwa zaidi ya nusu bila kurusha dadu hata moja.

Ukishapiga, bado hujapenya. Chukua Sherman yenye mzinga wa milimita 75 inayokutana na Panther ya Ujerumani. Bamba la mbele la mwili wa Panther lilikuwa na unene wa milimita 80 na lililazwa nyuzi 55 kutoka wima, hivyo kombora linalokuja moja kwa moja lilikabili chuma cha karibu milimita 140, na mzinga ule haukukiweza. Ubavuni chuma hakikuzidi milimita 50. Sisi tunaupa mzinga huo nguvu ya 5, tunaongeza dadu moja, na jumla ni lazima izidi namba ya deraya, yaani ya chuma kinachokikinga kifaru: 10 kwa mbele ya Panther, 6 kwa ubavu. Kwa mbele unahitaji 6 ya dadu, hakuna nyingine; kwa ubavu, namba yoyote isipokuwa 1 inatosha.

Fanya hesabu polepole hapo. Sherman iliyosimama ikampiga Panther usoni ina nafasi ya takriban asilimia 10 ya kumwangamiza. Sherman iliyotembea kwanza mpaka ikauona ubavu, ikakubali kupunguziwa 1 kwa sababu ya mwendo, ina asilimia 35. Hata ukipewa zamu mbili za kupiga ukiwa umesimama mbele yake, hufikii asilimia 20. Kwa hiyo mwendo ni silaha, na anayeanza akilielewa hilo anaacha kusimamisha vifaru vyake mstarini vikitazamana na vya adui.

Tatizo ni kwamba Panther nayo hugeuka. Tareti huzunguka bila kulipia chochote, lakini mwili ndio wenye deraya nene mbele, na kuugeuza mwili kumfuata anayezunguka ni kumpa ubavu aliyebaki. Hii ndiyo sababu ya kuanza na vifaru viwili kila upande na si kimoja: kimoja kinashikilia uso wa adui, kingine kinatafuta njia ya bondeni.

Zamu nazo zisipangwe kwa upande mmoja kumaliza vifaru vyake vyote ndipo mwingine aanze, kwa sababu anayetangulia hupata faida kubwa mno. Weka ndani ya mfuko vizibo vya soda vya rangi mbili, vilevile vinavyotumika kuchezea drafti vijiweni, kimoja kwa kila kifaru. Kinachotoka, upande wake unatumia kifaru kimoja ambacho hakijatumika katika raundi hiyo.

Kadiri unavyozoea, soma historia ya vifaru vyako, kwa kuwa kanuni nzuri hutoka huko. Tareti ya T-34 yenye mzinga wa milimita 76 ilikuwa na nafasi ya watu wawili tu, na kamanda alilazimika kufanya pia kazi ya kulenga, jambo lililomnyima muda wa kutazama pande zote. Ile yenye mzinga wa milimita 85, iliyoingia vitani mwaka 1944, ilikuwa na watu watatu. Mezani unaweza kuilazimisha ile ya kwanza ichague kati ya kutembea na kupiga.

Wengi wa hapa huuliza kama vita vya Kagera, vya mwaka 1978 hadi 1979, vinaweza kuchezwa. Vinaweza. Jeshi letu lilikuwa na vifaru vya Type 59 vya China, ambavyo vilitokana na T-54, kwa hiyo modeli ya T-54 inafaa kwa karibu sana. Upande wa Uganda ulikuwa na Sherman zilizotoka Israeli. Ombi langu ni moja, na nalisema kwa uzito: waliopigana vita hivyo bado wako mitaani mwetu, wengine ni wazee wa familia zetu. Mchezo huo upangwe kwa heshima, na kama kuna mzee aliye tayari kusimulia, msikilizeni kabla ya kupanga meza, bila kumlazimisha.

Kuhusu mwenendo mezani, tangaza unachokusudia kabla ya kupima, rusha dadu ndani ya mfuniko wa boksi ili zisiangushe vifaru, na dadu iliyolala pembeni bila kutulia irushwe upya bila mjadala. Usiguse kifaru cha mwenzako bila ruhusa, kwani kilimgharimu jioni nyingi za kupaka.

Mchezo wako wa kwanza uwe huu. Weka daraja katikati ya meza, juu ya mto uliochorwa kwa kitambaa cha bluu, na kilima kimoja kila upande, kisiwe kwenye mstari mmoja na daraja. Mwenye Panther apewe moja tu, mwenye Sherman apewe tatu. Ndiyo mara pekee nitakayokuambia uvunje mgawanyo wa wawili kwa wawili, kwa sababu inaonyesha haraka kile nilichokieleza kuhusu ubavu. Raundi ni sita, na anayelishikilia daraja mwishoni mwa raundi ya sita, akiwa na kifaru kimoja juu yake au ndani ya sentimita 10 kutoka kwake na adui asiwe hapo, ndiye mshindi. Mkimaliza, badilishaneni pande na mcheze tena jioni hiyohiyo.